Bendera Nyekundu Wakati wa Mvua: Somo la Madereva wa Pikipiki Kutoka Uwanja wa Mashindano

Mvua za mji wetu wa Bujumbura huanza kwa kawaida mwezi Oktoba na kuendelea hadi Mei, zikipumzika kidogo katikati. Katika miezi hiyo dereva wa pikipiki anayetoka Gatumba kuja mjini, au anayeteremka kutoka Bugarama, hufanya kazi ile ile ya kiangazi juu ya barabara ambayo si ile ile tena. Jambo hili linamhusu yeye, abiria aliyempakia, mama mwenye kikapu cha ndagala kando ya lami, na mtoto anayevuka kwenda shule.

Ili tulielewe vizuri, katika toleo hili tutachukua mfano kutoka mahali ambapo wengi wetu hatujapata kufika, yaani viwanja vya mashindano ya pikipiki ya dunia. Wapo vijana wetu wanaoyatazama mashindano hayo na kuyapenda. Wakati mwingine huyachukua kama ruhusa ya kukimbia. Somo hili litaonyesha kwamba mabingwa wenyewe, mvua inaponyesha, hufundisha kinyume cha hayo.

Madhumuni ya somo

Baada ya kulisoma somo hili, msomaji aweze:

1. Kueleza maji yanavyoufanya mwendo wa pikipiki uwe wa hatari.
2. Kutaja mambo ya kufanya kabla ya kuondoka na akiwa njiani wakati wa mvua.
3. Kueleza kwa nini uamuzi wa kusimama unafaa kuwa wa watu wote wa kituo, usiachiwe mtu mmoja.

Siku ambayo mabingwa walikataa kukimbia

Jumapili ya tarehe 26 Agosti 2018, maelfu ya watu walikusanyika Silverstone, nchini Uingereza, kutazama mashindano ya ubingwa wa dunia yanayoitwa MotoGP. Kwa kuwa mvua ilikuwa imetabiriwa, waandaaji walitanguliza muda wa kuanza hadi saa tano na nusu asubuhi. Haikusaidia. Mvua ilinyesha, na lami ya uwanja huo, iliyokuwa imewekwa upya mwaka ule ule, haikuyaondoa maji. Yalituama juu yake kama madimbwi.

Watu hawakuwa wamesahau yaliyotokea siku iliyotangulia. Wakati wa mazoezi ya Jumamosi, Mhispania Tito Rabat aliteleza juu ya maji yaliyotuama na kuanguka. Alipokuwa nje ya njia, pikipiki ya mwenzake aliyeteleza mahali pale pale ilimfuata ikamgonga na kumvunja mguu. Watu wawili, wote mabingwa wa kazi yao, walishindwa na dimbwi moja.

Jumapili hiyo saa zilipita, watazamaji wakilowa katika viti vyao. Hatimaye wapanda pikipiki walikutana, na walio wengi wakasema kwamba njia haifai. Ilipokaribia saa kumi jioni ikatangazwa kuwa mashindano yamefutwa. Tangu mwaka 1980, theluji ilipozuia mashindano ya Austria, haikuwahi kutokea mashindano ya daraja hilo yafutwe kwa sababu ya hali ya hewa.

Hebu tufikiri walikuwa watu wa namna gani. Pikipiki zao hutunzwa na mafundi usiku na mchana. Matairi yao ya mvua yametengenezwa kwa mpira laini, yenye mifereji mirefu ya kutoa maji. Madaktari wanangoja kando ya njia. Hakuna gari linalotoka mbele, hakuna ng'ombe anayevuka, wala hakuna abiria nyuma. Hata hivyo walisema hapana. Ikiwa watu hao, kwa vifaa hivyo, waliona kwamba yako maji ambayo ujuzi hauyashindi, sisi wenye tairi moja la kiangazi na masika tuna sababu kubwa zaidi ya kutafakari.

Maji hufanya nini chini ya tairi

Sehemu ya tairi inayogusa barabara ni ndogo, haizidi sana kiganja cha mkono. Pikipiki nzima, dereva, abiria na mzigo, hushikiliwa na viganja viwili tu. Barabara ikiwa kavu, mpira huuma lami. Ikiwa na maji, mifereji ya tairi huyachukua na kuyasukuma pembeni ili mpira uifikie lami. Maji yakizidi, au mwendo ukizidi, au mifereji ikiwa imekwisha, tairi hushindwa kuyasukuma na kupanda juu yake. Hapo dereva hana breki wala usukani, na pikipiki inakwenda inakotaka.

Baadhi ya vijana husema kwamba pikipiki za mashindano hutumia matairi yasiyo na mifereji, kwa hiyo tairi kipara halina ubaya. Ni kweli kwamba siku ya jua matairi ya mashindano huwa laini bila mfereji wowote. Lakini mvua ikianza, mpanda pikipiki wa MotoGP huingia katika eneo la mafundi, huiacha pikipiki ile na kupanda nyingine yenye matairi ya mvua. Sheria inamruhusu kufanya hivyo pale bendera nyeupe inapoonyeshwa. Tairi lililokwisha ni tairi lililokufa, na katika maji halina kazi tena. Njia rahisi ya kulipima ni kutazama ndani ya mifereji. Mna vinundu vidogo vilivyowekwa na mtengenezaji. Uso wa tairi ukifikia usawa wa vinundu hivyo, wakati wa kulibadilisha umefika.

Jambo la pili ni umbali wa kusimama. Tufanye hesabu pamoja. Pikipiki inayokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 katika kila sekunde. Dereva aliye macho huhitaji kama sekunde 1 kuona hatari na kushika breki. Mita 14 zimekwisha kabla breki haijafanya kazi. Katika lami kavu, kwa matairi mazuri, atahitaji mita nyingine 14 hivi ili asimame, jumla mita 28. Katika lami yenye maji, mita za breki zinaweza kufika 24, na jumla ikawa 38. Zile mita 10 zilizoongezeka ndizo alizosimama mtoto aliyekuwa akivuka. Dereva huyo akipunguza mwendo hadi kilomita 30 kwa saa, hata katika maji atasimama katika mita 17 hivi. Mvua imeondoa nguvu za breki, na mwendo wa pole umezirudisha.

Barabara zetu na hatari zake

Uwanja wa mashindano hukaguliwa kila asubuhi. Barabara zetu hukaguliwa na macho ya anayezipita. Kila njia inayotoka Bujumbura ina tabia yake wakati wa mvua, na ni vema kuijua.

Barabara ya kwanza ya taifa, RN1, hupanda kutoka mjini, ulio chini ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, hadi Bugarama, palipo juu ya mita 2,000, katika safari ya takriban kilomita 35. Ni kona juu ya kona, malori mazito, ukungu, na waendesha baiskeli wanaoteremka na mizigo. Anayeteremka humo kwenye maji asitegemee breki peke yake. Aweke gia ndogo tangu juu, injini imsaidie kuizuia pikipiki.

Barabara ya RN4 iendayo Gatumba na mpaka wa Kongo ni tambarare na imenyooka. Unyoofu wake humshawishi dereva kukimbia. Lakini iko katika nchi ya chini, kati ya mto Rusizi na ziwa Tanganyika, na wakazi wa Gatumba wanajua mafuriko yalivyowatesa tangu mwaka 2020. Mahali tambarare maji hayana pa kukimbilia. Dimbwi linaloonekana kama kioo linaweza kuficha shimo la kumeza gurudumu zima.

Barabara ya RN3 hufuata ziwa kuelekea Rumonge na Nyanza-Lac, hadi mpaka wa Tanzania. Rumonge ni nchi ya michikichi, na mafuta ya mawese husafirishwa kwa mapipa na madumu. Tone la mawese likiangukia lami, kisha likapata mvua, huwa utelezi usioonekana. Msafiri anayevuka mpaka huo akumbuke tena kwamba Tanzania huendesha upande wa kushoto, na sisi, kama Kongo na Rwanda, upande wa kulia. Mvua inapopunguza uwezo wa kuona, kukosea upande ni rahisi.

Ndani ya mji wenyewe, mito kama Ntahangwa, Muha na Kanyosha hushuka kutoka milimani ikibeba mchanga na mawe. Hatujasahau usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014, ambapo maji yaliyoteremka kutoka vilimani yaliangamiza nyumba katika mitaa ya kaskazini na kuua zaidi ya watu 60. Kwa hiyo kanuni ni moja: maji yanayokwenda kwa kasi juu ya barabara, usiyoweza kuona chini yake, hayavukwi kwa pikipiki, hata kama jana yake ulipita salama.

Iko pia hatari inayokuja mapema kuliko mafuriko. Dakika za mwanzo za mvua, hasa baada ya siku nyingi za jua, huwa na utelezi mkubwa. Vumbi, mafuta ya magari na mabaki ya mpira vilivyolala juu ya lami huchanganyika na matone ya kwanza na kuwa kama sabuni. Katika mashindano, matone yakianza kuanguka sehemu moja ya njia, huonyeshwa bendera nyeupe yenye msalaba mwekundu wa mshazari. Maana yake: mvua imeanza hapa, jihadhari tangu sasa. Dereva wa barabarani hana wa kumpungia bendera hiyo. Tone la kwanza kwenye kioo cha kofia yake ndilo bendera.

Mikono, macho na taa

Ukiwatazama mabingwa wakipita katika maji, utaona kwamba hawafanyi jambo lolote kwa ghafla. Hushika breki mapema, taratibu, na pikipiki ikiwa wima. Hawailazi sana katika kona. Hufungua mafuta polepole wanapotoka. Haya yote yanawezekana kwa pikipiki ya kawaida:

- Shika breki zote mbili kwa upole, kabla ya kona, pikipiki ikiwa imenyooka.
- Epuka mistari ya rangi, vifuniko vya chuma na matope ya pembeni. Ikibidi kuvipita, vipite wima, bila breki na bila kuongeza mafuta.
- Mwache aliye mbele apite alama fulani, kama mti au nguzo, kisha hesabu. Wakati wa jua hesabu sekunde 2. Wakati wa mvua zisipungue 4 kabla nawe hujaifikia alama hiyo.
- Washa taa za mbele na za nyuma. Katika mashindano ya mvua, kila pikipiki hulazimika kuwasha taa nyekundu ya nyuma, ingawa wote wanakwenda upande mmoja na wanajuana. Sisi tunafuatwa na lori lisilotujua.
- Kofia ngumu ifungwe kidevuni, ya dereva na ya abiria. Kofia isiyofungwa huruka kabla ya kichwa kufika chini.
- Mwavuli usifunguliwe juu ya pikipiki. Upepo huugeuza kuwa tanga, na dereva hupoteza usukani.

Mashindano ya Assen, Uholanzi, tarehe 26 Juni 2016, yanafundisha jambo jingine. Mvua kubwa ilisababisha bendera nyekundu, wote wakasimama, kisha wakaanza upya maji yalipopungua. Valentino Rossi, aliyekuwa ameshatwaa ubingwa wa dunia mara 9, alikuwa mbele alipoanguka. Andrea Dovizioso naye alianguka. Aliyeshinda ni Jack Miller wa Australia, kijana wa miaka 21 ambaye hakuwa ameshinda katika daraja hilo hata mara moja. Marc Márquez alikuwa wa pili, naye aliongeza pointi zake katika kuutafuta ubingwa. Wahenga walisema heri nusu shari kuliko shari kamili. Katika maji, anayefika huwapita wengi waliokuwa na kasi kuliko yeye.

Msomaji makini atauliza juu ya Brad Binder wa Afrika Kusini. Ni kweli kwamba mnamo Agosti 2021, huko Austria, wenzake waliingia kubadilisha pikipiki mvua ilipozidi, naye akabaki na matairi ya jua akashinda. Lakini tukumbuke: zilibaki duru chache tu, naye aliteleza huku na huku hadi akavuka mpaka wa njia na kuadhibiwa sekunde 3. Alipotoka nje ya njia, alikuta nafasi iliyotengwa kwa ajili hiyo. Anayetoka nje ya njia katika RN1 hukuta bonde. Na Binder hakuwa amempakia mtoto wa mtu.

Nani aseme tusimame?

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Madereva wengi wanajua kwamba mvua ni hatari. Kinachowasukuma ni njaa ya siku hiyo. Dereva ana kiasi anachopaswa kumpelekea mwenye pikipiki jioni. Akikataa kuondoka, mwenzake aliye pembeni yake atamchukua abiria yule yule, na yeye atarudi nyumbani mikono mitupu. Kwa hiyo anayesimama peke yake huona kwamba anaadhibiwa kwa busara yake.

Tutazame tena Silverstone. Wapanda pikipiki wale nao walikuwa na cha kupoteza: pointi, fedha na sifa. Kama kila mmoja angeamua peke yake, pengine wengi wangekimbia kwa kuhofia kuachwa. Lakini walikaa pamoja, na uamuzi ulipotoka uliwahusu wote. Hakuna aliyepata pointi siku hiyo, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeachwa nyuma. Bendera nyekundu haimwombi mmoja awe mwema kuliko wenzake. Huwasimamisha wote kwa wakati mmoja, na hapo kusimama hakumgharimu mtu nafasi yake.

Kituo chochote cha pikipiki, kiwe Gatumba, Kajaga, Rumonge au Mugina, kinaweza kuwa na bendera nyekundu yake. Haihitaji kitambaa, yahitaji mapatano. Madereva wa kituo wakae na viongozi wao, wenye pikipiki, viongozi wa mtaa na askari wa usalama barabarani wa mahali hapo, wakubaliane mapema, siku ya jua, juu ya mambo haya:

1. Dalili zitakazowafanya wote wasimame. Kwa mfano, maji yanapofunika mstari wa katikati ya barabara, au macho yasipoweza kuona umbali wa nguzo mbili za umeme.
2. Mtu atakayetangaza, na atakayeshika nafasi yake asipokuwepo.
3. Namna ya kupashana habari na kituo cha upande wa pili, ili dereva asiondoke akakute barabara imekatika. Habari hiyo impate na askari, apate kuwazuia wengine.
4. Foleni ya abiria ibaki ilivyokuwa mvua ilipoanza, ili aliyesimama asipoteze zamu yake.
5. Kiasi cha jioni kipunguzwe siku ambayo kituo kimesimama. Mwenye pikipiki anayedai kiasi kizima siku ya mafuriko ananunua ajali ya chombo chake mwenyewe.

Abiria nao wana sehemu yao. Anayempiga dereva begani akimwambia aongeze mwendo kwa kuwa analowa, anaomba asichokijua. Nguo hukauka jioni ile ile. Na askari anayemkuta dereva amesimama chini ya paa la duka wakati wa dhoruba anafaa kumsalimu kwa heshima, kwa maana huyo amefanya kazi ambayo askari angeifanya. Watu wakiona kwamba polisi inajua kumshukuru anayesimama, sawasawa na inavyomwonya anayekimbia, watakuwa wepesi kutoa habari za barabara iliyoharibika kabla haijaua.

Muhtasari

Maji huondoa mshiko wa tairi na kurefusha umbali wa kusimama. Matairi mazuri, mwendo mdogo, mikono mipole na taa zilizowashwa hupunguza hatari, lakini haziiondoi. Yako maji yasiyovukika, na uamuzi wa kutoyavuka huwa mwepesi pale unapokuwa wa wote.

Maswali ya mazungumzo

1. Taja sehemu tatu za barabara unayoipita kila siku ambazo maji hutuama. Je, wenzako wa kituoni wanazijua?
2. Pikipiki inapita mita ngapi katika sekunde 1 ikiwa na mwendo wa kilomita 36 kwa saa? Katika sekunde 4 itapita ngapi?
3. Kwa nini dereva anayesimama peke yake hupata hasara, na mapatano ya kituo yaiondoeje hasara hiyo?
4. Abiria akikulazimisha kuondoka wakati wa mvua kubwa, utamjibu nini kwa adabu?
5. Andikeni pamoja kanuni tano za kituo chenu za wakati wa mvua. Zibandikwe mahali ambapo dereva na abiria wote watazisoma, na nakala apewe kiongozi wa mtaa na askari wa eneo lenu kabla mvua za Oktoba hazijaanza.